Sura ya Sita: Turbini Zilizo Ndani ya Figo

Ukifika kwenye daraja la Tshopo, kaskazini mwa jiji letu la Kisangani, sauti ya mto inakupokea kabla macho hayajauona. Maji yanaporomoka juu ya mawe, na pembeni yake kuna jengo la bwawa la umeme ambalo Wabelgiji walianza kulijenga jiji likiwa bado linaitwa Stanleyville. Ndani ya jengo hilo mna turbini 3. Mtoto wa Kisangani anaijua hesabu yake hata kabla hajaanza shule: zikizunguka zote, nyumbani kuna taa, ikisimama moja, delestaje inaanza, leo Makiso, kesho Mangobo, zikisimama mbili, watu wanatafuta makala na mafuta.

Nimekua na hesabu hiyo. Nilipokuja kuwa mwalimu wa biolojia ndipo nilipoanza kuangalia kwa makini kinachotokea baada ya taa kuzimika. Jiji halisimami. Fundi wa kuchomelea anavuta kamba ya grupu lake. Mama anayekaanga mikate alfajiri anaongeza makala jikoni. Mwenye saluni anakwenda kukodi betri. Kazi inaendelea, ila kila kitu kimegeuka: gharama imepanda, moshi umejaa uani, na kule barabara ya Buta miti inaanguka ili magunia yajae. Baada ya muda hata sura ya mtaa inabadilika, kwa sababu biashara za umeme zimefungwa na za makala zimeongezeka.

Sura hii inahusu ugonjwa wa figo ambao watu huurithi kutoka kwa wazazi wao, na nimeanzia bwawani kwa sababu seli za figo hiyo zinafanya kitu kinachofanana sana na hicho. Zinaacha umeme wao na kurudi kwenye makala. Jambo hilo lilianza kueleweka vizuri baada ya mwaka 2013 tu, ingawa ugonjwa wenyewe ni wa kale.

Kila mwanafunzi aliyepita darasani kwangu aliandika kwenye daftari kwamba mitokondria ni nyumba ya nguvu ya seli. Akapata alama zake 2, akasahau. Sikuwalaumu, maana maneno hayo peke yake hayaonyeshi kitu. Lakini mfano wa bwawa si pambo la mwalimu. Mitokondria, kile kidude kidogo kilichomo ndani ya seli kwa mamia, kina ngozi mbili. Kwenye ngozi ya ndani kuna pampu zinazosukuma protoni upande mmoja, zikarundikana pale kama maji yanavyorundikana nyuma ya ukuta wa bwawa. Zinataka kurudi. Njia yao kubwa ya kurudi ni kupitia protini moja yenye kishikio kinachozunguka, na kweli kinazunguka, zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Kila kikimaliza mzunguko mmoja, seli inapata vipande 3 vya ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nguvu inayotumika kila mahali mwilini. Mwingereza Peter Mitchell ndiye aliyetoa wazo hili mwaka 1961, na wanasayansi wengi walimpinga kwa miaka. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1978. Paul Boyer wa Marekani na John Walker wa Uingereza walipata ya kwao mwaka 1997 kwa kueleza jinsi turbini yenyewe inavyofanya kazi. Na kabla yao wote alikuwapo Mbelgiji, Albert Claude, aliyekuwa New York katika miaka ya 1940, akizungusha seli zilizosagwa kwa kasi hadi sehemu zake zikajitenga, mitokondria zikabaki upande wao na kuweza kuchunguzwa zenyewe.

Sasa tuje kwenye figo. Figo zako mbili kwa pamoja zina uzito wa gramu 300 hivi, hazifiki hata sehemu 1 kati ya 200 ya mwili wako. Hata hivyo moyo unazipelekea karibu sehemu ya tano ya damu yote unayosukuma. Kwa siku moja figo zinachuja lita 180 za maji kutoka kwenye damu. Zipange akilini: ni bido 9 za njano, zile za lita 20 ambazo watoto wetu wanazibeba kutoka kisimani. Kati ya bido hizo 9, mwisho wa siku unakojoa lita moja na nusu au mbili. Maji mengine yote, pamoja na chumvi na sukari iliyokuwamo, seli za mirija ya figo zimeyarudisha kwenye damu, tone kwa tone. Kuchuja ni kazi nyepesi, inafanywa na msukumo wa damu. Kurudisha ndiyo kazi nzito, na ndiyo maana seli za mirija hiyo zimejaa mitokondria kama vile gunia lilivyojaa maharagwe. Ni moyo tu unaoshindana nazo. Tena chakula chao zinachokipenda ni mafuta hasa, yale yanayotoka kwenye chakula na akiba ya mwili, kwa sababu hayo yakiunguzwa kwenye mitokondria yanatoa ATP nyingi kuliko sukari.

Ingia nami sasa kwenye chumba cha ekografi. Pazia limeshushwa, na feni inazunguka kama umeme upo. Tuseme aliyelala kitandani ni baba wa miaka 41 kutoka Kabondo, dereva wa toleka, ambaye amekuja kwa sababu ya maumivu ya ubavuni na tansio iliyokataa kushuka. Daktari anampaka ute wa baridi, anatembeza kipimo juu ya mbavu za kulia. Figo ya kawaida kwenye kioo inaonekana kama haragwe la kijivu lenye urefu wa sentimita 11 hivi. Hapa hakuna haragwe. Kuna miviringo myeusi, mikubwa na midogo, imebanana kama zabibu kwenye kichala, na kati yake kuna nyuzi nyembamba za nyama. Weusi ule ni maji. Daktari anahamia kushoto, anakuta vilevile. Anapima kutoka ncha hadi ncha: sentimita 19. Kisha anauliza swali ambalo ni kubwa kuliko kipimo chenyewe: "Baba, wazazi wako wako hai?"

"Mama yuko, docta. Baba alituacha nikiwa kijana. Tumbo lilivimba huku na huku."

Huo ndio ugonjwa wa figo zenye vifuko vingi. Kwa hesabu zinazotajwa zaidi duniani, huwapata kati ya mtu 1 kwa 400 na mtu 1 kwa 1,000. Zamani vitabu vilisema ni nadra kwa Waafrika, lakini vitabu hivyo viliandikwa wakati mashine za ekografi zilikuwa za kuhesabika katika nchi zetu, na mtu asiyepimwa haingii kwenye hesabu. Sisemi kwamba ndiyo sababu kubwa ya figo kufa huku kwetu. Uchunguzi uliofanywa Kinshasa na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta asilimia 12.4 ya watu waliopimwa wana ugonjwa sugu wa figo wa aina yoyote, na katika miji yetu tansio na kisukari ndivyo vinavyoongoza. Lakini ukiwa na mtu mmoja mwenye vifuko, una familia nzima ya kuangalia, na hapo ndipo ugonjwa huu unapotofautiana na mengine.

Vifuko vinaanza vidogo sana, pengine mtu akiwa bado tumboni mwa mama yake. Sehemu ya mrija inatuna, inajaa maji, na ikifika upana wa milimita 2 hivi inajikata kutoka kwenye mrija na kuanza kukua peke yake kama kibofu kisicho na mlango. Miaka 20 inapita, 30, mtu hasikii chochote, vipimo vya damu viko safi kwa sababu nyama nzima iliyobaki inafanya kazi ya mara mbili. Kisha inachoka. Karibu nusu ya wagonjwa figo zao zinakuwa zimekufa wanapofika miaka 60.

Nisimame hapa kidogo, maana kuna kosa ambalo mtu anaweza kulifanya akisikia neno mitokondria na neno kurithi kwa pamoja. Mitokondria zina jeni zao wenyewe, 37 tu, na jeni hizo kila mtu huzipata kwa mama peke yake. Kuna magonjwa yanayotoka huko, na hayo kweli hupita kwa mama. Ugonjwa wa vifuko haumo kati yake. Jeni zinazouleta ziko kwenye kiini cha seli: PKD1 kwenye kromosomu ya 16, ambayo inahusika na wagonjwa wengi zaidi, na PKD2 kwenye kromosomu ya 4, ambayo ugonjwa wake huenda polepole. Baba anaweza kuupitisha, mama vilevile. Mvulana na msichana wako sawa. Kila mimba ni karata mpya, 1 kwa 2, na mtoto wa kwanza kuwa nao hakumlindi wa pili. Karibu mtu 1 kati ya 10 hana mzazi yeyote mwenye ugonjwa. Kosa la jeni limeanzia kwake.

Naliandika hili kwa herufi nzito moyoni mwangu kwa sababu ya yale tunayoyaona nyumbani. Familia ikizika baba akiwa na miaka 52, halafu kaka mkubwa akiwa na miaka 49, halafu dada naye akaanza kuvimba, jibu huwa limeshatayarishwa. Mjane ananyooshewa kidole. Shangazi mzee anaitwa mchawi. Mtoto wa kambo anaambiwa ni ndoki na kufukuzwa alale sokoni. Ukoo unaugua kwa zamu, na kweli kuna kitu kinachotembea ndani ya ukoo huo, lakini hakitumwi na mtu. Ni herufi chache zilizokosewa katika maandishi marefu ya jeni, na aliyezipitisha hakujua kama anazo.

Jeni ya PKD1 ilipatikana mwaka 1994, kwa msaada mkubwa wa familia moja ya Kireno ambayo kromosomu zake zilikuwa zimekatika mahali penyewe. PKD2 ikafuata mwaka 1996. Jeni ya kwanza inatengeneza protini ndefu ajabu, polisistini-1, mnyororo wa vipande 4,303. Ya pili inatengeneza polisistini-2, ambayo ni mlango wa kupitisha kalsiamu. Protini hizi mbili hushikana. Mwaka huohuo wa 1996 ikaonyeshwa kwamba mgonjwa huzaliwa na nakala moja nzima na moja mbovu katika kila seli, na kifuko huanza pale seli fulani inapoipoteza na ile nzima. Ndiyo sababu ni sehemu ndogo tu ya mirija inayotuna, huku mingine ikiendelea vizuri kwa miaka.

Baadaye ikagunduliwa kwamba polisistini hukaa kwenye kinywele kimoja kinachochomoza kwenye kila seli ya mrija na kunusa mkojo unaopita. Kwa miaka mingi macho yote yalikuwa kwenye kinywele hicho. Lilikuwa jambo zuri, lilifundisha mengi, lakini liliacha swali moja bila jibu la kutosha: seli iliyopoteza protini moja ya kunusa inapata wapi nguvu ya kujizaa bila kuchoka kwa miaka 40?

Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka Milano, Italia, mwaka 2013. Alessandra Boletta na wenzake wa hospitali ya San Raffaele waliangalia seli zisizo na PKD1 zinakula nini. Wakakuta zinakula sukari kwa pupa. Tena haziiunguzi kwenye mitokondria hadi mwisho. Zinaivunja nusunusu, nje ya mitokondria, kwa njia ya haraka isiyohitaji oksijeni. Glukosi moja ikipita kwenye mitokondria inatoa ATP 30 hivi. Ikivunjwa kwa njia ya haraka inatoa 2. Mjerumani Otto Warburg aliona tabia hiyo kwenye seli za saratani katika miaka ya 1920, na sasa ilikuwa inaonekana kwenye figo za watu ambao hawana saratani. Watafiti wa Milano wakawapa panya wagonjwa sukari bandia, ile isiyoweza kuvunjwa, ambayo inaziba koo la njia hiyo. Figo za panya zikabaki ndogo, vifuko vikapungua.

Msomaji wa Kisangani hahitaji maelezo zaidi. Hayo ni makala. Lakini tusiidharau seli hiyo kwa kuona inapata 2 badala ya 30. Sukari iliyovunjwa nusu inaacha vipande vingi ambavyo seli inavitumia kama matofali ya kujengea seli nyingine. Seli ya kawaida ya mrija ni kama mfanyakazi aliyeajiriwa, ana kazi yake ya kurudisha chumvi, anahitaji umeme wa kudumu. Seli ya kifuko imeacha kazi na kuanza kujenga. Makala yanamtosha mjenzi. Miaka 3 baadaye, 2016, kundi la Gregory Germino nchini Marekani lilionyesha upande wa pili wa jambo hilo: katika figo za panya wasio na jeni hii, uwezo wa kuunguza mafuta umeshuka, yaani kile chakula ambacho figo nzima inakipenda kuliko vyote.

Bado mtu angeweza kusema mitokondria zenyewe ni nzima, ni seli tu iliyoamua kuzipita kando. Mwaka 2017 watafiti wa Japani waliangalia seli zinazozunguka vifuko. Mitokondria zake zilikuwa fupi, zimevimba, nakala za jeni zake zimepungua, na kile kinachoamuru mitokondria mpya zitengenezwe kimeshuka. Moshi wake, maana kila mashine ina moshi, ile oksijeni chafu inayochoma chochote inachogusa, ulikuwa umezidi. Walipoweka dawa inayokwenda moja kwa moja ndani ya mitokondria kufuta moshi huo, seli za maabara zikapunguza kujizaa. Mwaka huohuo kundi la Michael Caplan wa chuo kikuu cha Yale likaonyesha kwamba polisistini husikiliza kiwango cha oksijeni, na kwamba hukaa pia karibu na mitokondria, zikisaidia kupitisha kalsiamu kuingia ndani. Kalsiamu hiyo ndiyo inayoziambia mitokondria ziongeze kasi. Protini tuliyodhani ni mlinzi wa mlangoni kumbe ilikuwa pia na ufunguo wa chumba cha mitambo.

Kisha mwaka 2018 kundi la Germino likakuta kitu ambacho nilipokisoma nilirudia aya ileile mara mbili. Polisistini-1 hukatwa, na kipande cha mkia wake husafiri hadi ndani kabisa ya mitokondria.

Mkia huo ndio uliobeba kisa ninachokipenda kuliko vyote katika sura hii. Watu wa Yale walichukua vipande 200 vya mwisho vya protini hiyo ya vipande 4,303, hata asilimia 5 haifiki, wakavirudisha kwa panya waliokuwa hawana polisistini-1. Vifuko vikapungua sana. Mkia peke yake! Lakini kwa panya wengine, wa ukoo uleule, mkia haukufanya kitu. Panya hawa wa maabara walitoka kwa babu mmoja, wakatenganishwa zamani na kuzalishwa mahali tofauti, na upande mmoja wa ukoo ukapoteza kimeng'enya kiitwacho NNT bila mtu kukusudia. Waliokuwa na NNT walisaidiwa na mkia. Wasiokuwa nayo hawakusaidiwa. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2023.

Na NNT inakaa wapi? Kwenye ngozi ya ndani ya mitokondria, ukutani mwa bwawa letu. Inatumia protoni zilezile zinazozungusha turbini, ila yenyewe inazitumia kutengeneza kinachofuta moshi. Mkia wa polisistini unaishika na kuiimarisha. Kwa hiyo mwaka 1994 dunia ilipata jeni ya ugonjwa wa vifuko, na miaka 29 baadaye ikaonekana kwamba sehemu ya kazi ya jeni hiyo ni kumtuma fundi mdogo bwawani.

Nina wajibu wa kuwa mwangalifu. Hawa ni panya. Pia bado kuna ubishi wa haki kati ya wanasayansi kuhusu kipi kinatangulia: mitokondria kuharibika ndiko kunakoanzisha kifuko, au kifuko kikishaanza ndipo mitokondria zinaharibika? Mimi, kwa yale niliyoyasoma, naamini chanzo ni kupotea kwa polisistini, na mitokondria ndipo mahali ambapo hasara hiyo inageuka kuwa ukuaji wa miaka mingi. Ni imani yenye msingi, lakini anayeuza dawa leo kwa kusema inatibu mitokondria za figo anauza maneno.

Maana wauzaji hawakosi. Mwaka 2019 kundi la Thomas Weimbs huko Santa Barbara, Marekani, lilionyesha kwamba panya wenye vifuko wakilishwa kwa saa chache kwa siku, au wakipewa chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, vifuko vinapunguza kukua, kwa sababu mwili unaanza kuunguza mafuta na seli za kifuko hazijui kufanya hivyo vizuri. Mwaka 2023 likatoka jaribio dogo la ulaji wa namna hiyo huko Cologne, Ujerumani, la watu 66 kwa miezi 3. Ni mwanzo mzuri. Lakini asije mtu akamnyima mgonjwa lituma, fufu na wali kwa sababu ya sura hii. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshachoka, amekonda na hana hamu ya kula, akinyimwa chakula anaumia, na hakuna panya wa California atakayemsaidia. Hilo ni jambo la kufanya na daktari anayekupima damu, au usilifanye. Metformini, dawa ya kisukari inayogusa upande huohuo wa nishati ya seli, nayo bado inajaribiwa. Dawa iliyothibitishwa hasa kwa ugonjwa huu ni tolvaptani: jaribio lake kubwa la mwaka 2012 lilikuwa na wagonjwa 1,445, na Marekani ikairuhusu mwaka 2018. Inapunguza kasi ya vifuko kujaa maji. Ni ghali, ini la mgonjwa lazima lipimwe mara kwa mara, naye anakunywa maji na kukojoa mchana na usiku. Kwa familia nyingi za hapa haipo.

Kinachobaki ni kidogo kwa sauti lakini kikubwa kwa kazi. Mwaka 2014 jaribio la Marekani liitwalo HALT-PKD lilionyesha kwamba vijana wenye ugonjwa huu, figo zao zikiwa bado zinafanya kazi, wakishushwa tansio hadi chini ya 110 kwa 75 kwa dawa za jamii ya lisinoprili, figo zao hukua polepole kwa asilimia 14 kuliko za waliotibiwa kwa kiwango cha kawaida. Lisinoprili ni dawa ya zamani, na hata mshahara wa mwalimu unaimudu. Mwanamke mwenye mimba au anayetarajia asiitumie, aseme mapema apewe nyingine. Chumvi ipungue. Na zile dawa za maumivu zinazouzwa kwa vidonge viwiliviwili mezani barabarani, diklofenaki, ibuprofeni, indometasini, ziachwe. Zinapunguza damu inayofika kwenye figo, na ukipunguza damu umepunguza oksijeni, na mitokondria bila oksijeni ni turbini bila mto. Dereva wa toleka mwenye maumivu ya ubavuni ndiye hasa anayezimeza kila jioni.

Nilikaa muda mrefu nikifikiria mashine ya dialize kabla ya kuandika aya hii. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa anahitaji kuunganishwa nayo mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Kila kikao kinatumia lita 120 za maji yaliyosafishwa, bido 6, na umeme usiokatika. Ukikatika, damu imo ndani ya mipira na lazima irudishwe mwilini haraka kabla haijaganda. Figo hufanya kazi hiyohiyo bila waya, kwa mitokondria zake, na ikishindwa tunamrudisha mgonjwa kwenye mkono wa bwawa lingine, lile la Tshopo, lenye turbini 3.

Kwa hiyo miaka inayofaa kutumiwa ni ile ya kabla. Ikiwa mzazi wako, kaka yako au dada yako aliambiwa ana vifuko kwenye figo zote mbili, nenda ukapime tansio mwezi huu, hata kama unajisikia mzima. Omba ekografi. Kwa mtu wa miaka 15 hadi 39 anayetoka katika familia ya namna hiyo, vifuko 3 kwa figo zote mbili vinatosha kusema anao ugonjwa. Mwenye miaka 40 na kuendelea ambaye hana hata viwili, ameuepuka, na watoto wake pia. Chukueni karatasi moja, andikeni majina ya ndugu wote, walio hai na waliokufa, na umri waliokufa nao, mpeni daktari aiweke kwenye faili.